Ndagaa Nilizookoa Siku ya Mvua

Binti zangu, mmenijia mara tatu na madaftari yenu mkitaka niwaeleze jinsi tulivyokausha ndagaa hapa Kalemie, wakati nchi ikiitwa Zaire na mimi bado nina kiuno. Mara mbili niliwafukuza kwa kisingizio cha mguu. Mguu haukuwa na neno. Sikutaka tu kusema. Sasa nitasema, lakini msitegemee nianze mwanzo niende mpaka mwisho kwa utaratibu. Kichwa changu hakiendi hivyo, na kuna mambo nitakayoyazungukia kwanza mpaka nipate nguvu ya kuyaingia.

Tuanze na mchanga, maana hapo ndipo mnapokosea wengi. Nawaona nikipita. Mnamwaga ndagaa saa sita, mchanga unaunguza nyayo, mnadhani joto litawasaidia. Ndagaa mbichi ikiangukia mchanga wa moto inashika, na ukiigeuza inaacha ngozi chini na kuja na mchanga mahali pa ngozi. Ndagaa humwagwa asubuhi, umande ukishaondoka na jua likiwa bado na adabu. Unazirusha kutoka kwenye beseni, mkono ukienda kando, ili kila moja ilale peke yake. Zikilaliana, za juu zitakauka na za chini zitaoza, na ukizifunga gunia moja zote zitanuka sawa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Gunia langu la kwanza lilipanda treni hadi Kabalo, likasukumwa kwa baiskeli mpaka Manono kwa watu wa migodi. Baada ya wiki mbili mchuuzi aliyelichukua akarudi, akasimama mbele ya wanawake wote akasema, "Mama, watu wa kule wanauliza kama njo vile Kalemie imeanza kuuza pwani yake. Wanatafuna mchanga mpaka meno inalia." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwaka mzima niliitwa Mama Mchanga.

Aliyeniokoa na jina hilo ni Mama Kalenga, Mtabwa wa upande wa Moba, mkubwa wetu pale pwani. Alikuwa na ufagio wa makuti ambao haukuwa wa kufagia tu; ukigeuza ndagaa vibaya ulikuwa unashuka kwenye vidole vyako. Ndiye aliyenifundisha kuchukua ndagaa moja jioni, kuipeleka karibu na sikio na kuivunja. Ikitoa sauti, funga gunia. Ikijikunja tu, rudisha mchangani kesho, hata kama mchuuzi anakupigia magoti. Ndiye pia aliyenifundisha shingo. Ukisimama ukitazama ziwa, unaona milima ya ng'ambo, upande wa Kigoma, na unajisahau. Lakini mvua yetu haitoki ziwani, inatoka nyuma yako, milimani, juu ya paa za mji. Mwanamke wa ndagaa asiyegeuza shingo kila mara, mvua itamkuta ameinama.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye kipande chetu cha pwani. Wengi wa waume zetu walikuwa wa reli au wa bandari. Wangu alikuwa makanika wa treni, wiki nzima yuko njiani, na mshahara wa reli miaka ile ulikuja siku uliyojisikia kuja. Akina baba walikuwa na kofia za kazi. Sisi tulikuwa na chakula. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili mwelewe kwamba siku moja ya ndagaa kuoza haikuwa hasara ya biashara, ilikuwa watoto kulala na maji ya chumvi.

Tuliitana kwa majina ya watoto wetu wa kwanza, kama nanyi mtakavyoitwa. Mimi ni Mama Riziki. Rafiki yangu, aliyemwaga ndagaa zake kando ya zangu tangu mwaka wa kwanza, alikuwa Mama Maua. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikaa miaka sita ndani ya ndoa bila mtoto, akiitwa jina lake la usichana huku mawifi zake wakilitamka kwa kulivuta. Maua alipozaliwa, mama yake alishuka pwani akatuambia, "Leo muniite vizuri." Tukamwita Mama Maua asubuhi nzima, kila mtu kwa zamu, na yeye aliitika kila mara.

Na kulikuwa na sheria zetu mbili, hazikuandikwa popote. Ya kwanza: aliyejifungua hashuki pwani mwezi mzima, na wenzake wanamkaushia fungu lake. Ya pili ilikuwa zamu ya watoto. Tulikuwa na kibanda cha matete juu kidogo ya mchanga, na kila siku mmoja wetu alikaa humo na watoto wote wadogo. Siku hiyo ndagaa zake ziligeuzwa na wengine. Mama Kalenga alikuwa mkali sana hapo. Alisema, "Muntu wa zamu haiko na samaki leo. Akishika samaki, nitamuvunja mukono." Miaka yangu saba ya kwanza pale, sikumwona hata mmoja aliye zamu akishuka mchangani.

Sasa naona nimefika.

Mnasikia wakubwa wenu wakitaja animasyo. Ilikuwa hivi: mkubwa wa serikali akija, watu wanaitwa wakacheze na kuimba kumsifu, na wanawake ndio waliotangulizwa. Hukuulizwa kama una kazi. Ulipewa siku na rangi ya kikwembe, kitenge cha kujifunga. Jioni moja mzee wa chama wa mtaa wetu alishuka pwani na viatu vyake vya ngozi, akatuambia kesho kuna mgeni anatua na ndege, akina mama wote uwanjani saa mbili.

Mama Kalenga akamwambia, "Papa, mwezi ulikuwa mukubwa siku kumi, mitumbwi haikupata kitu. Usiku huu njo giza la kwanza. Kesho ndagaa zitajaa. Utuachie wanawake sita."

Akasema, "Utaachiwa mumoja. Wa watoto. Wengine nikiwakosa, nitaandika majina."

Zamu ya kesho yake ilikuwa yangu. Tena nilikuwa na tumbo la miezi saba, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Kweli usiku ule mitumbwi ilijaa. Tangu alfajiri tulibeba mabeseni kutoka kwenye maji mpaka migongo ikakataa, na saa moja na nusu pwani yetu yote ilikuwa nyeupe kwa ndagaa, hakuna mahali pa kuweka mguu. Wenzangu wakafunga vikwembe vyao vya sherehe juu ya vya kazi, wananuka samaki, wakacheka kwamba mgeni ataomba ugali. Mama Maua alimweka Maua kibandani, akampa sahani yake ndogo ya bati aliyokuwa akichezea kukausha ndagaa kama mama yake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Mama Kalenga alirudi nyuma, akanishika mkono. "Mama Riziki. Mvua ikikuya, ndagaa zilowe. Umenisikia? Zilowe zote. Weye ni wa watoto."

Nikamjibu, "Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli.

Walikuwa watoto wanane, na Riziki wangu wa tisa. Riziki alikuwa na miaka sita, ndiye mkubwa wao. Mpaka saa tano tulikuwa salama. Nilikuwa nawaimbia, nikitoka mlangoni kugeuza shingo, nikirudi. Kutoka mjini ngoma za uwanjani zilisikika. Saa sita upepo ukageuka, na nilipotazama juu ya paa za mji, mlima haukuwapo tena.

Binti zangu, nimekaa na dakika ile miaka mingi na bado siwezi kuwaeleza kwa nini. Niliona nyumba kumi na mbili. Niliona siku kumi za mwezi, na wanawake wanaocheza kwa nguvu huko uwanjani huku wanajua mvua inakuja na hawawezi kuondoka. Nikajiambia nitaokoa kidogo tu, beseni moja, mbili. Nikamweka Sadiki, mdogo wake Riziki, kwenye mapaja ya dada yake. Nikasema, "Wachunge wenzako. Musitoke hapa." Nikashuka mchangani na tumbo langu, nikiwa muntu wa zamu.

Sikuanza na ndagaa zangu. Mtacheka, lakini niliona haya kuanza na zangu. Nilianza na za Mama Maua, kwa sababu alikuwa rafiki yangu, na beseni lake la bluu lilikuwa karibu. Nilikuwa napiga magoti nakusanya kwa mikono miwili, mvua ilipofika na mabimbi ya ziwa yakaanza kupiga. Nikajaza la bluu, nikachukua lingine. Nikasikia Riziki ananiita: "Mama! Mama!" Nikadhani anaogopa mvua. Sikugeuka. Niliinua mkono hivi, nyuma ya mgongo, wa kumwambia kaa huko huko. Akaita tena, na tena nikainua mkono.

Nilipopanda kibandani na beseni la tatu, Riziki alikuwa amesimama mlangoni amemshika Sadiki, mdomo wazi, haiti tena. Alinionyesha maji. Upepo ulikuwa umeipeperusha ile sahani ya bati, na Maua aliifuata.

Niliingia ziwani mpaka kifuani. Wavuvi wawili waliokuwa wakifunga mitumbwi yao walinivuta nje kwa nguvu, kisha wakaingia wao. Walimpata baada ya mvua kupita. Jua lilikuwa limerudi, na ngoma za uwanjani zilikuwa bado zinapigwa.

Wenzangu walirudi saa tisa. Tulikuwa tumemlaza kibandani, nimemfunika kikwembe changu. Sitawaeleza sauti ya Mama Maua. Nitawaeleza swali, kwa sababu hilo ndilo langu. Mama Kalenga hakupiga kelele. Alitazama mabeseni matatu yaliyojaa ndagaa, akanitazama, akauliza mbele ya wote, "Mama Riziki, ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Niliwaacha na Riziki. Nilimwambia awachunge."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema nilishuka kuokota samaki. Sikusema niliitwa nikainua mkono. Na wanawake kumi na mmoja wakageuka, si kwa ubaya, shingo tu zilifuata jina, wakamtazama mtoto wa miaka sita aliyelowa, amembeba mdogo wake mzito kuliko mikono yake. Mama Maua naye alimtazama. Riziki akatazama chini. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno jingine wakati ule, nafasi ndefu kabisa, na nilikaa kimya.

Kilio tulikaa siku tatu. Ndagaa zile za beseni la bluu zilikaushwa kesho yake, maana hakuna aliyeweza kuzitupa, na ndizo zilizonunua kitambaa cha kumzikia Maua. Ujuzi wangu uliwahi kusifiwa mara nyingi, binti zangu, lakini ndagaa kavu kuliko zile sijawahi kufunga.

Mnataka kujua kama walinifukuza pwani. Ningependa wangenifukuza. Baada ya kilio nilishuka, nikakuta nafasi yangu imefagiwa, iko palepale kando ya Mama Maua. Hakuna aliyenisema. Ila zamu ilipotoka kwa jirani yangu wa kulia, ilienda kwa jirani yangu wa kushoto. Nilingoja mzunguko wa pili, wa tatu. Ilikuwa inanipita kila mara, bila mtu kutangaza. Watoto wangu walilelewa kibandani pamoja na wa wengine, walipewa uji, walipanguswa makamasi, na mimi sikupewa mtoto wa mtu hata wa kumshikia mama yake akijifunga kikwembe.

Miezi miwili baadaye nilijifungua. Kwa sheria yetu nilikaa nyumbani mwezi, na kila jioni mmoja wao alileta fungu langu. Siku moja aliyeleta alikuwa Mama Maua. Aliweka gunia mlangoni, akavunja ndagaa moja karibu na sikio lake, akanionyesha kwamba imekauka vizuri. Akatazama kichanga, akauliza amelala saa ngapi. Kisha akaenda. Nililia mpaka maziwa yakakataa kutoka siku mbili, na wakwe zangu wakasema ni uzazi.

Na jina. Alizaa wengine baadaye, wavulana wawili, lakini mwanamke habadilishi jina la mtoto wa kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, nilishuka pwani nikamsalimu, "Jambo, Mama Maua," na yeye akaitika, "Jambo, Mama Riziki." Fikirieni alichokuwa anakitamka yeye, na mimi nilichokuwa nakitamka. Hatukukosa kusalimiana siku hata moja.

Riziki hakusema neno karibu mwezi mzima. Aliporudi kusema, alikuwa mtoto mwingine, mwenye kuhesabu. Alihesabu ndugu zake mezani, alihesabu watoto wakitoka shule, ukimkatiza alianza upya. Mama mkwe alisema ana akili ya hesabu, apelekwe mbele. Nilicheka nao. Alipofika miaka kumi na tatu alikataa kabisa kushuka pwani, na sikumlazimisha, nikawaambia watu hapendi harufu ya samaki. Akaolewa Nyunzu na mkulima mtaratibu, mtu wa kanisa.

Kabla sijamaliza, chukueni haya ya kazi, maana mlikuja kwa ajili yake. Msikaushe chini siku ambayo milima ya ng'ambo inaonekana karibu sana. Mvua iko nyuma. Magunia yalale juu ya mbao, si juu ya udongo. Ndagaa za siku ya kwanza ya giza ni nono, zinataka jua la siku mbili, msidanganywe na rangi. Na mkiwa na zamu ya watoto, kaeni na watoto. Haya yote Mama Kalenga aliniambia, nami nilikuwa namjibu nimesikia.

Mara ya mwisho kumwona Riziki alikuja na treni, ana watoto watatu. Mdogo alikuwa ameanza kutembea, na Riziki alikuwa amemfunga kiunoni kwake kwa kipande cha kikwembe, mwendo wa hatua mbili tu. Nikamwambia, "Mwanangu, uniachie mutoto, weye uende soko upumzike mukono."

Akasema, "Hapana, mama. Atakusumbua."

Nikasema hatanisumbua. Akasema hapana tena, taratibu, akakaza fundo. Tukakaa. Alikuwa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua macho, "Mama, ile siku niliwahesabu. Walikuwa wanane. Nikahesabu tena, wanane. Halafu Sadiki akalia, nikamutazama yeye."

Harage moja lilianguka chini, nikaliokota.

"Nilikuita," akasema. "Labda sikuita na nguvu. Mvua ilikuwa na kelele. Kama ningeita na nguvu, ungesikia, ungekuja. Nimefikiri sana, mama. Mutoto wa watu alikufa juu ya kosa langu, na weye ulipata haya mbele ya wenzako mpaka leo. Sikukuomba musamaha hata siku moja."

Akaweka ungo chini. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele yangu na yule mtoto akivutwa naye, akanishika miguu kama tunavyowashika wazazi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilisikia, mwanangu. Uliniita mara nyingi, na nilisikia zote. Zamu ilikuwa yangu. Alikuwa ameinua uso ananingoja, na nilijua nikisema hayo, uso ule hautanitazama tena hivyo.

"Unisamehe, mama," akasema.

Nami, binti zangu, nikamsamehe.